SourcePuller: zana ndogo iliyouliza historia ya msimbo ni ya nani

Kisa cha kuzaliwa kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, husimuliwa kwa pumzi moja. Msanidi Andrew Tridgell aliichokoa BitKeeper, programu ya biashara ya kazi hiyohiyo ambayo Linux ilitunzwa nayo, mwenye BitKeeper akaghadhibika na kufuta leseni ya bure, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akajifungia na kuandika Git. Si uongo. Ila masimulizi hayo yanaruka kiungo cha katikati, programu ndogo ya Tridgell iitwayo SourcePuller, ambayo kazi yake ilikuwa kuingia kwenye hazina za BitKeeper, yaani mahali mafaili ya mradi na historia yake vinapotunzwa, na kutoa kilichomo bila kutumia BitKeeper yenyewe. Haikuishi muda mrefu, na wengi wanaotumia Git kila siku hawajawahi kulisikia jina lake. Lakini mgogoro uliozuka juu yake unaonyesha wazi jambo ambalo mijadala ya programu huria hulipita juujuu: kuwa na msimbo ni kitu kimoja, na kuwa na njia ya kuifikia historia ya msimbo huo ni kitu kingine kabisa.

Msimbo wa Linux haukufungiwa mtu. Matoleo yake yaliwekwa kwenye intaneti na yeyote aliweza kuyapakua, wakati wa BitKeeper kama kabla yake. Kwa hiyo anayesema kwamba Tridgell aliukomboa msimbo wa Linux amebisha mlango usio wake, na hiyo ndiyo dhana potofu ya kwanza. Kilichogombewa ni kumbukumbu zinazouzunguka msimbo: nani aligusa mstari gani, siku gani, kwa sababu ipi, akianzia toleo lipi, na kazi yake ilikutanaje na kazi ya mwenzake aliyekuwa akirekebisha faili hilohilo upande wa pili wa dunia. Msanidi anayetafuta chanzo cha hitilafu huzihitaji kumbukumbu hizo kuliko anavyohitaji nakala ya leo ya faili. Nakala ya leo humwambia mambo yako vipi. Haimwambii yalifikaje hapo.

Bure yenye masharti

Hadi mwanzoni mwa 2002 Torvalds hakuwa akitumia mfumo wowote wa kutunza matoleo kwa kiini cha Linux. Watu walituma viraka, yaani vipande vya mabadiliko ya msimbo, kwa barua pepe, naye akavisoma, akavipachika au akavipuuza. Vingine vilipotea njiani, aliyevituma akalazimika kuvituma tena na tena. Mapema kama 1998 wenzake walikuwa wakilalamika kwamba mtu mmoja hawezi tena kuubeba mzigo huo. Mifumo huria iliyokuwapo haikumridhisha. CVS, iliyochipuka kutokana na kazi ya Dick Grune ya 1986, ilitegemea seva moja ya katikati na ilikuwa dhaifu sana kwenye kuunganisha matawi, yaani njia za kazi zinazokwenda sambamba. Subversion ilikuwa bado inajengwa. Toleo lake la 1.0 lilitoka 2004, na nayo ilisimama juu ya seva moja.

BitKeeper ilikuwa na mpango mwingine. Ilitengenezwa na BitMover, kampuni ya Larry McVoy, mtu aliyewahi kufanya kazi Sun Microsystems kwenye mfumo uliotangulia wa aina hiyo. Kila msanidi alikuwa na hazina kamili kwenye mashine yake, na historia yote ilikuwa humo. Aliweza kufanya kazi peke yake, kisha akamwambia mwenzake: vuta kutoka kwangu. Februari 2002 Torvalds akaanza kuitumia, na kasi ya kupokea viraka ikapanda waziwazi. Hilo hata wapinzani walilikubali.

Tatizo lilikuwa leseni. BitMover iliwapa wasanidi wa programu huria toleo la bure, ila msimbo wa BitKeeper ulibaki siri ya kampuni, na maelezo ya mabadiliko yalipaswa kutumwa kwenye seva ya kumbukumbu iliyo hadharani. Baadaye mwaka huohuo likaongezwa sharti lililowachoma wengi: anayetumia toleo la bure asiwe anashiriki kutengeneza mfumo unaoshindana na BitKeeper. Maana yake ni kwamba mtu anayechangia Subversion, mradi huria kama Linux, hakuruhusiwa kutumia zana ambayo kiini cha Linux kilitunzwa nayo. Alan Cox, mmoja wa wasanidi wakuu wa Linux, alikuwa miongoni mwa waliopinga, na Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huria, aliandika wazi kwamba mradi unaobeba bendera ya uhuru usitegemee zana isiyo huru.

McVoy hakuwa jambazi, nami sioni haja ya kumchora hivyo. Alikuwa na kampuni ya kuendesha, wafanyakazi wa kulipa, na bidhaa aliyoijenga kwa miaka. Kutoa bure kitu unachokiuza, halafu ukaombwa na usaidizi juu yake, si jambo dogo. Na wapinzani walipolalamika kwamba wamefungiwa nje, alijibu kwa vitendo: mwaka 2003 BitMover iliweka daraja lililomwaga historia ya Linux kwenye hazina ya CVS, ili asiyetaka kutia sahihi leseni aisome kwa zana huria.

Basi kwa nini daraja hilo halikumaliza maneno? Jibu liko kwenye umbo la historia yenyewe.

Mstari na wavu

Chukua wasanidi wawili walioanzia toleo moja. Mmoja anarekebisha kiendeshi cha kadi ya mtandao kwa mabadiliko matatu, mwingine anapanga upya usimamizi wa kumbukumbu kwa mabadiliko mawili. Hakuna aliyemtangulia mwenzake. Wamefanya kazi sambamba. Siku ya kuunganisha, mfumo uliosambazwa huandika tukio lenye wazazi wawili: hapa njia hii na njia ile zimekutana, na aliyezikutanisha ni fulani. Historia ya namna hiyo ni wavu wa matukio, kila moja likiwajua wazazi wake.

CVS haiwezi kuandika wavu huo. Inajua mstari, na matawi ya kubandika. Kwa hiyo daraja lililazimika kuchagua njia moja ndani ya wavu na kuyapanga matukio moja nyuma ya jingine. Msimbo wa mwisho ni sahihi, tarehe zipo, majina yapo. Kilichopotea ni nani alianzia wapi. Ukiwa unatafuta ni badiliko lipi lililoleta hitilafu, hasara hiyo inauma, kwa sababu huenda hitilafu haikuwa kwenye tawi lolote. Ilizaliwa pale matawi mawili, kila moja zima peke yake, yalipokutana.

Torvalds aliona kilichomo kwenye CVS kinatosha. Wengine waliona wamepewa muhtasari wa kitabu kilichoandikwa kwa jasho lao wenyewe. Mimi niko upande wa hao wa pili, ingawa nakiri kwamba kwa kazi ya kila siku ya msanidi wa kawaida muhtasari huo ulitosha kabisa.

Poti 5000

Andrew Tridgell alikuwa tayari ana jina. Ndiye aliyeanzisha Samba mwanzoni mwa miaka ya 1990, programu inayowezesha mashine za Unix na Linux kuzungumza na mitandao ya Windows, na mwaka 1996 alitoa rsync pamoja na Paul Mackerras. Samba ilijengwa bila kuuona msimbo wa Microsoft. Namna alivyoieleza mwenyewe ni hii: ukitaka kujifunza Kifaransa na huna kitabu wala mwalimu, nenda ukakae kwenye mkahawa wa Wafaransa usikilize. Mteja anasema kitu, mhudumu analeta kitu. Siku nyingine nawe unajaribu kusema neno ulilolisikia, unatazama kitakacholetwa.

BitKeeper aliiendea kwa njia hiyohiyo. Hakuitumia na hakuikubali leseni yake, na hili ni muhimu kwa sababu nitakayoieleza baadaye. Aprili 2005, kwenye mkutano wa linux.conf.au uliofanyika Canberra, alionyesha jukwaani jinsi alivyoanza. Aliunganisha kwa telnet, programu kongwe inayotuma kwenye seva chochote unachoandika, hadi poti 5000, yaani mlango wa mawasiliano wenye namba hiyo, ya seva ya BitKeeper iliyokuwa hadharani. Kisha akaandika neno moja: help.

Seva ikajibu kwa orodha ya amri zake.

Hadhira ikaangua kicheko. Miongoni mwa amri hizo ilikuwamo clone, yaani nakili hazina, na watu ukumbini wakamtajia wenyewe la kuandika. Akaliandika, seva ikaanza kumwaga hazina nzima. Hapakuwa na kufuli la kuvunja wala neno la siri la kuiba. Seva iliyowekwa hadharani iliulizwa swali kwa lugha yake yenyewe, nayo ikajibu.

Onyesho hilo limezaa dhana potofu ya pili, kwamba SourcePuller ilikuwa telnet yenye jina la kifahari. Kuipata data ni robo ya kazi. Inayobaki ni kuielewa.

Faili linalokumbuka kila mstari

Kilichotoka kwenye ile poti kilikuwa mfululizo wa mafaili ya muundo wa SCCS, pamoja na metadata ya ziada, yaani data zinazoyaeleza mafaili hayo. Hapa bahati ilikuwa upande wa Tridgell. SCCS ni mfumo wa kwanza mashuhuri wa kutunza matoleo, ulioandikwa na Marc Rochkind kwenye maabara za Bell kuanzia 1972, na muundo wake umeelezwa waziwazi kwenye miongozo ya Unix kwa miongo. BitMover ilijenga nyumba mpya juu ya msingi wa zamani unaojulikana.

Muundo huo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ni wa werevu usiozeeka. Mtu akiambiwa abuni namna ya kutunza matoleo mia ya faili moja, kwanza atafikiria kuweka nakala mia. Akiona nafasi inaisha, ataweka nakala moja kamili na orodha ya tofauti. RCS, iliyoandikwa na Walter Tichy mwaka 1982, ilifanya hivyo: toleo la karibuni zaidi limewekwa zima, na ukitaka la zamani unarudi nyuma hatua kwa hatua ukifuata tofauti. Kadiri toleo lilivyo la kale, ndivyo safari inavyorefuka.

SCCS haifanyi hivyo. Faili lake lina kila mstari uliowahi kuwamo kwenye matoleo yote, pamoja na ile iliyofutwa zamani, yote imefumwa mahali pamoja kwa mpangilio mmoja. Katikati ya mistari hiyo mna alama, kila moja ikianza na baiti yenye thamani 1 ambayo haionekani kwenye skrini: kuanzia hapa mistari imeingizwa na badiliko la 7, kuanzia hapa imefutwa na badiliko la 12, mwisho wa 12, mwisho wa 7. Ukitaka toleo la 9, unasoma faili toka juu hadi chini mara moja. Mstari ulioingizwa na 7 unaupokea. Alama ya kufutwa na 12 unaipuuza, kwa kuwa kwenye toleo la 9 badiliko la 12 halijatokea. Toleo la kwanza na la mwisho hugharimu muda uleule. Na ukitaka kujua nani aliandika mstari fulani huna cha kutafuta. Jibu liko kwenye alama inayouzunguka.

Juu ya mafaili hayo BitKeeper iliongeza jingine, ChangeSet, ambalo nalo limeandikwa kwa muundo uleule. Kazi yake ni kufunga mafungu: badiliko hili la faili la kwanza, lile la faili la pili na lile la tatu yalifanywa pamoja kama tendo moja. SCCS ya kale haikuwa na wazo hilo, kwani kila faili lilikuwa na historia yake peke yake. Wavu wa mabadiliko niliouzungumzia uko ndani ya ChangeSet. Anayeweza kulisoma faili hilo ameipata historia kama ilivyo, bila kupondwapondwa iingie kwenye CVS.

Kwa hiyo zana ya aina ya SourcePuller ina kazi ya ngazi tatu: kuzungumza na seva hadi ilete data, kuyafumua mafaili yaliyofumwa, kisha kuunganisha historia za mafaili kuwa historia ya mradi. Ngazi ya kwanza ilirahisishwa na neno help. Ya pili ilirahisishwa na umri wa SCCS. Ya tatu ndiyo iliyodai subira, ya kutazama, kukisia na kujaribu. Zana ikatolewa hadharani Aprili hiyohiyo ya 2005.

Kelele

McVoy alikuwa amejua mapema kwamba Tridgell ana kazi hiyo mkononi, na mazungumzo ya kuisimamisha hayakuzaa kitu. Jambo lilizidi kuwa chungu kwa kuwa Tridgell wakati ule alikuwa na mkataba na OSDL, taasisi ileile iliyomlipa Torvalds. BitMover ikatangaza kuondoa toleo la bure. Torvalds hadharani alimlaumu Tridgell, si BitMover. Hoja yake, ukiiondolea hasira, ilikuwa hii: kuna zana inayofanya kazi, data inapatikana kwa daraja la CVS, na wewe huleti mbadala wa zana hiyo, unabomoa bila kujenga.

Hoja hiyo si ya kupuuza. SourcePuller haikuwa mfumo wa kutunza matoleo na haikuweza kuchukua nafasi ya BitKeeper. Matokeo yake ya kwanza kwa jamii ya Linux yalikuwa hasara tupu, maana zana iliondoka na mbadala haukuwapo.

Kulikuwa pia na hofu ya kiufundi, na kwangu ndiyo nzito kuliko ya biashara. Zana ya kigeni inayosoma haiwezi kuharibu kitu. Ikianza kuandika, hadithi hubadilika: kosa dogo la kutafsiri muundo linaweza kuingia kwenye hazina moja, likavutwa na ya pili na ya tatu, na likagunduliwa miezi baadaye likiwa limeenea kote. SCCS ina namba ya kuhakiki kwenye mstari wa kwanza wa kila faili, ila hiyo hukamata baiti zilizoharibika tu. Haiwezi kukuambia kwamba historia iliyoandikwa vizuri si ile ya kweli.

Je, Tridgell alikuwa na haki? Kisheria swali hili huchanganywa na mambo mawili. La kwanza ni leseni. Leseni ni makubaliano, na asiyekubaliana hafungwi nayo. Ndiyo maana nilitangulia kusema kwamba hakuwa ameipokea BitKeeper. La pili ni hakimiliki, ambayo hulinda msimbo ulioandikwa. Hailindi wazo la kwamba ukituma neno clone unaletewa hazina. Umoja wa Ulaya ulikuwa umelitungia mwongozo tangu 1991, unaoruhusu hata kufumua programu iliyokamilika pale inapobidi ili programu nyingine iweze kushirikiana nayo. Tridgell hakufika hata huko. Aliuliza seva.

Haki ya kimaadili watu wataibishania, na kipimo changu ni chepesi: data zilizokuwa mle ziliandikwa na nani? Si BitMover. Ziliandikwa na wasanidi, mstari kwa mstari.

Git ilichofanya tofauti

Torvalds alianza kuandika Git tarehe 3 Aprili 2005. Tarehe 7 mradi wa Git ulikuwa tayari unajitunza wenyewe kwa Git. Tarehe 16 akaingiza Linux 2.6.12-rc2, na ukisoma maelezo ya komiti hiyo ya kwanza, yaani badiliko la kwanza lililorekodiwa kwenye hazina, utakuta jambo ambalo wengi hulipita: aliiacha historia nje makusudi. Alieleza kwamba wanayo, ila ikiingizwa inafikia takriban gigabaiti 3.2, mzigo usio na faida kwa mfumo wenye umri wa siku chache. Hadi leo ukifuata historia ya Linux kwenye hazina kuu unagonga ukuta siku hiyo. Miaka ya BitKeeper inasomeka kwenye hazina ya kando, iliyogeuzwa baadaye na Thomas Gleixner.

Git haikurithi msimbo wa SourcePuller, na hii ndiyo dhana potofu ya tatu. Haikurithi hata muundo. Badala ya kufuma mistari, Git huchukua picha ya mafaili yote. Kila faili linakuwa kitu kimoja chenye jina lake, kila saraka inakuwa orodha ya majina, na kila komiti inaitaja saraka moja na komiti zilizoitangulia. Jina halichaguliwi na mtu. Linakokotolewa kutokana na yaliyomo kwa SHA-1, kanuni ya hesabu inayogeuza data yoyote kuwa alama fupi iitwayo heshi, ya tarakimu 40. Faili tupu, kwenye hazina yoyote ya Git inayotumia SHA-1, popote duniani, lina jina moja: e69de29bb2d1d6434b8b29ae775ad8c2e48c5391. Nawe unaweza kulikokotoa bila Git. Chukua neno blob, nafasi, sifuri, baiti moja tupu, pitisha kwenye SHA-1.

Ukirudi kwenye ile hofu ya kuharibu hazina, utaona kilichobadilika. Kwa kuwa jina la komiti linatokana na yaliyomo, na yaliyomo yanataja majina ya wazazi, komiti moja inaihakiki historia yote iliyo nyuma yake. Zana ya kigeni ikiharibu historia iliyokwisha kuandikwa, heshi hazitalingana na hazina nyingine itagundua. Huhitaji kumwamini aliyeandika zana, unahesabu upya. Torvalds alisema baadaye kwamba kujilinda dhidi ya uharibifu, wa bahati mbaya au wa makusudi, lilikuwa lengo lake tangu mwanzo. Ni kweli SHA-1 imezeeka: Februari 2017 watafiti walionyesha mafaili mawili tofauti yenye heshi moja, na tangu toleo la 2.29 la mwaka 2020 Git inaweza kutunza hazina kwa SHA-256, japo kwa majaribio ilipoanza. Kanuni yenyewe haikuguswa.

Muundo ukiwa mwepesi na umeelezwa, wasomaji huzaliwa wengi. JGit huisoma hazina kwa Java, Dulwich kwa Python, go-git kwa Go, na libgit2 ni maktaba ya C inayopachikwa ndani ya programu nyingine. Hakuna hata moja inayolazimika kuita amri ya git. Kila moja imeandika upya, kwa mkono wake, namna ya kusoma vitu, kufungua mafurushi yaliyobanwa na kuzungumza na seva kwa itifaki ambayo kila ujumbe hutanguliwa na tarakimu nne za kuonyesha urefu wake. Kazi ambayo mwaka 2005 iliitwa uchokozi leo ni zoezi la mwanafunzi, na mengi ya mazoezi hayo huishia mahali pazuri.

BitMover nayo iliufungua msimbo wa BitKeeper Mei 2016, chini ya leseni ya Apache 2.0. Waliotaka kujua ChangeSet inaandikwaje hatimaye waliweza kusoma kwa mwandishi wake.

Mpaka wenyewe wa kati ya msimbo na historia yake, hata hivyo, umehamia mahali pengine. Ukinakili hazina leo kutoka kwenye huduma kubwa ya kuhifadhi msimbo, unapata kila komiti na kila tawi. Hupati mjadala uliotangulia kuunganishwa kwa tawi, pingamizi la mkaguzi, taarifa ya hitilafu iliyoanzisha yote. Hayo yako kwenye hifadhidata ya kampuni na unayafikia kwa njia iliyoamuliwa na kampuni, kwa kiasi inachoruhusu. Ni metadata tena, na zimeandikwa tena na wasanidi wenyewe. Wapo waliochagua njia nyingine. Fossil, ya D. Richard Hipp aliyeandika SQLite, huweka taarifa za hitilafu na kurasa za maelezo ndani ya hazina yenyewe, faili moja la SQLite unalonakili zima. Gerrit, mfumo wa ukaguzi wa msimbo, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2019 umeacha hifadhidata ya pembeni na kuandika maoni ya wakaguzi kama komiti za Git. Anayeruhusiwa kuisoma hazina hiyo anayavuta kwa git fetch ya kawaida, amri ya kuvuta data kutoka hazina nyingine, akitaja tu marejeo (majina yanayoelekeza kwenye komiti) yaliyo chini ya refs/changes.